SOMO LA KIKUNDI: TUIJARIBU NGANO KABLA YA KUIAMINI

Somo letu linahusu kutu ya ngano. Mkulima anaweza kuona shamba likipendeza, na wiki chache tu baadaye mabua yamevunjika na punje zimesinyaa. Pesa ya kikundi imekwenda hivyo.

Kutu ni nini?

Ni ukungu. Mbegu zake ni vumbi jepesi linalobebwa na upepo hata kuvuka nchi. Kutu ya shina hufanya vidonda virefu vya rangi nyekundu-kahawia kwenye bua. Ukipitisha kidole, kinachafuka. Kutu ya majani hufanya vidoadoa vya rangi ya machungwa kwenye majani. Kutu ya manjano huwa na mistari.

Mwaka 1998 kutu mpya ya shina ilipatikana Uganda, ikaitwa Ug99. Ilishinda kinga iitwayo Sr31, ambayo ngano nyingi duniani ziliitegemea. Kwa sababu hiyo, ngano kutoka nchi nyingi huletwa Njoro, katika kituo cha utafiti cha KALRO, zijaribiwe.

Wanajaribu namna gani?

Kila aina hupandwa mistari michache. Kandokando hupandwa ngano dhaifu inayoshikwa upesi, nayo huambukizwa makusudi ili vumbi lienee kote. Kisha wataalamu hupima ni sehemu gani ya bua imeliwa, kwa asilimia, na kama vidonda ni vidogo au vikubwa.

Lakini kinga haidumu milele. Aina ya Robin ilihimili Ug99, wakulima wakaipenda. Mwaka 2014 ukoo mwingine wa kutu hiyo ukaishambulia vibaya. Kwa hiyo msiseme, "Hii tunaijua." Jaribuni tena.

Kikundi kifanye nini?

1. Chagueni aina tatu au nne za mbegu iliyothibitishwa. Muulizeni afisa wa kilimo.
2. Ongezeni aina moja mnayojua inashikwa na kutu. Hii ndiyo shahidi wenu. Ikiwa hata yeye amebaki safi, basi ugonjwa haukufika, na jaribio halijawaambia kitu.
3. Pandeni siku moja, mbolea sawa, kila aina mahali pawili tofauti.
4. Ploti hizo ndogo msizipige dawa ya ukungu mapema. Shamba kubwa litunzeni kama kawaida.
5. Kagueni ngano inapotoa masuke, na tena punje zikiwa na maziwa. Hesabuni mabua kumi kila ploti: mangapi yana vidonda? Katibu aandike.
6. Mkimaliza kuandika, pigeni dawa ploti zilizoshikwa, vumbi lisiwaendee majirani.
7. Vuneni na kupima kila aina peke yake. Ngano isiyougua lakini haizai haitalipa karo.

Msipande aina moja tu shamba lote. Ikianguka, mtaanguka nayo.

Maswali ya kujadili

- Msimu uliopita tulichagua mbegu kwa sababu gani?
- Nani atatoa kipande cha shamba, na nani ataweka daftari?
- Tukipata matokeo, tutawaambiaje majirani wasio wanachama?

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.