'Kwenu ni Wapi?': Mazungumzo ya Abiria Wageni Katika Safari ya Ndege ya Kurudi Nyumbani

Neno 'mgeni' katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga: mtu asiyejulikana, na mtu anayekaribishwa. Utaratibu wa mazungumzo baina ya watu wasiojuana umejengwa juu ya maana hizo. Anayefika hupiga hodi, mwenyeji hujibu 'karibu', maamkizi hufuata, kisha mgeni huulizwa habari za atokako kabla ya kuulizwa haja iliyomleta. Ndani ya ndege, hata hivyo, hakuna mwenyeji. Abiria wawili waliopewa viti jirani kutoka London hadi Nairobi hukaa bega kwa bega kwa muda wa saa 8 au 9. Wale wa New York, tangu Kenya Airways ilipoanzisha safari za moja kwa moja mnamo Oktoba 2018, hukaa muda mrefu zaidi. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake, wala hakuna awezaye kuaga akaenda zake.

Makala haya yanachunguza swali moja ambalo huzuka mara kwa mara katika mazungumzo ya aina hiyo, yaani 'Kwenu ni wapi?', na uzito linaoupata linapoelekezwa kwa msafiri anayerudi Parklands, mtaa wa Nairobi ambao kwa miaka mingi umekuwa makao ya Wakenya wengi wenye asili ya Bara Hindi.

Maneno ya kwanza baina ya abiria hao kwa kawaida si mazungumzo kamili. Mmoja huomba kupita, mwingine huulizia mkanda wake. Mwanaanthropolojia Malinowski alieleza mwaka 1923 kwamba maneno ya namna hii hayakusudiwi kupasha habari bali kuondoa ukimya unaotisha baina ya watu. Aghalabu husemwa kwa Kiingereza. Kiswahili hujitokeza baadaye: chakula kinapoletwa, au mmoja anapomsikia mwenziwe akimaliza simu kabla ya ndege kuruka. Carol Myers-Scotton, ambaye utafiti wake wa 1993 kuhusu kuchanganya ndimi ulitegemea sana data kutoka Nairobi, anaona kwamba kuhama lugha ni kutoa pendekezo kuhusu uhusiano baina ya wasemaji. Pendekezo hilo laweza kukubaliwa au kukataliwa. Anayejibiwa kwa Kiingereza baada ya kusema Kiswahili amekataliwa, hata kama jibu lenyewe lina adabu.

Kwa msafiri wa Parklands, pendekezo hilo sharti alitoe yeye mwenyewe, maana jirani yake huenda akamdhania kuwa raia wa Uingereza au mtalii kutoka Mumbai. Tazama mfano huu wa kubuni, ambapo B ndiye wa Parklands:

A: Kumbe unajua Kiswahili!
B: Nimezaliwa Nairobi.
A: Ala! Kwenu ni wapi?
B: Parklands.
A: Hapo ni mahali mnapokaa tu. Kwenu hasa ni wapi?

Hakuna tusi katika maneno hayo, na yaelekea A ana nia njema. Brown na Levinson (1987) wangesema kwamba anatafuta jambo la pamoja ili kumsogeza msikilizaji karibu: pengine wametoka upande mmoja, pengine wao ni watani. Lakini sarufi yake inafanya kazi nyingine. 'Kumbe' huonyesha kwamba msemaji amekuta jambo asilolitarajia. 'Unajua' hukifanya Kiswahili kuwa elimu aliyoipata B, ilhali Mkenya mwingine asingesifiwa kwa kujua lugha ambayo Katiba ya 2010 inaitaja kuwa lugha ya taifa. La kuzingatia zaidi ni nafsi ya wingi. Katika 'kwenu', wingi huo ni wa jamaa: hata mtu mmoja huulizwa 'kwenu', kwa sababu kwao mtu ni mahali pa ukoo, na 'kwako' huenda ikawa chumba cha kupanga tu. Katika 'mnapokaa', wingi umekwisha kubadilika. Si familia ya B tena inayotajwa bali 'Wahindi' wote, ingawa Parklands ina Wagujarati na Wapunjabi, Wahindu, Waismailia, Wajaini na Makalasinga, ambao wenyewe hawajioni kuwa kitu kimoja.

Tofauti baina ya nyumba na kwao mtu si dhana ya vitabuni. Wakili S. M. Otieno alipofariki mnamo Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka azikwe katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukashikilia kwamba Mjaluo aweza kuwa na nyumba Nairobi lakini kwao hubaki kwa baba zake. Mahakama ya Rufani iliukubalia ukoo mwaka 1987, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kwa kipimo hicho, wakazi wengi wa Nairobi wana jibu: hutaja kijiji. Mtu wa Parklands hana kijiji cha kutaja nchini Kenya. Akitaja Gujarat, ambako huenda hajawahi kufika, amejitoa mwenyewe. Akirudia 'Parklands', ataambiwa hajajibu. (Wanubi wa Kibera wanaifahamu vyema shida hii, na baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 hadi 2008 wako Wakenya wengi ambao hawapendi kuulizwa kwao na mtu wasiyemjua.)

Historia huongeza uzito wa swali. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizopitishwa nchini Kenya mwaka 1967 ziliwabana Waasia wasiokuwa raia. Ilipofahamika kwamba Uingereza nayo ilikuwa karibu kuwafungia mlango kwa sheria iliyoanza kutumika Machi 1968, maelfu waliharakisha kupanda ndege. Wengi wanaosafiri leo kuja kuwatembelea jamaa huko Parklands ni wana na wajukuu wa safari zile. Mnamo Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Waasia kuwa jamii ya 44 ya nchi. Hata hivyo, tangazo la serikali halijibu swali la jirani wa kiti.

Hata hivyo, si haki lawama zote kumwangukia A. Kiswahili cha B nacho kina historia yake. Katika nyumba nyingi za Parklands, lugha hii ilijifunzwa jikoni na dukani, ikatumiwa na mwajiri kumwamuru mwajiriwa: 'lete chai', 'fagia hapa', 'ngoja'. Ni Kiswahili chenye vitenzi vya amri tupu, kisicho na 'naomba uniletee' wala 'tafadhali nipishe'. Mtu aliyekizoea hivyo aweza kumwambia mhudumu wa ndege 'lete maji' bila kukusudia ufidhuli, na A, ambaye huenda mama yake aliwahi kuajiriwa katika nyumba kama hizo, akasikia kitu kingine kabisa. Hapo ndipo B anapodaiwa jambo gumu, yaani kukitumia Kiswahili kwa mtu aliye sawa naye. Dhamira tegemezi ('ulete', 'unipishe'), ambayo mwanafunzi wa sarufi huiona kama umbo la kukariri kwa ajili ya mtihani, hapa huamua kama mazungumzo yataendelea.

Jambo la kuchekesha ni kwamba msamiati wenyewe hauulizwi kwao. A aweza kumsimulia B jinsi alivyolipa pesa za bima ya gari mpaka zikakaribia laki, akachukua cheti chake, akaenda kula chapati, asitambue kwamba karibu kila nomino aliyotamka ilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Maneno hayo yamepewa uraia pasipo kutakiwa kutaja kijiji.

Ndege inapotua, mazungumzo hufikia mahali pengine pa kuchunguzwa. Kigujarati, lugha ya nyumbani ya wengi wa Parklands, kina maneno mawili ya 'sisi': 'ame', lisilomhusisha msikilizaji, na 'aapne', linalomhusisha. Kiswahili kina kiambishi 'tu-' pekee. B akisema 'Haya, tumefika kwetu', hakuna kitu katika umbo la sentensi kinachoonyesha kama A yumo ndani ya 'kwetu' hiyo. Ni jibu la A litakaloamua. Akisema 'Karibu Kenya', amejifanya mwenyeji na B amekuwa mgeni, tena kwa neno la ukarimu. Akisema 'Ee, tumefika', wote wawili wameingia katika kiambishi kimoja, na wanaweza kusimama kushusha mizigo yao.