Kabati Kuukuu na Rangi Mpya

Wasomaji wetu, wahenga walisema, Usitupe mbachao kwa msala upitao. Twalikumbuka neno hili kila tupitapo katika viunga vya Dar es Salaam, kama Kinondoni na Temeke, tukaona kabati la nguo limetolewa nje linyeshewe mvua kwa sababu rangi yake imebabuka. Mara nyingi kabati hilo ni la mninga au mvule, mbao zidumuzo miaka mingi. Na lile jipya lililochukua mahali pake ni la maranda yaliyogandamizwa kwa gundi, ambayo hufura yakipata maji. Basi leo twapenda kueleza jinsi ya kulitengeneza kabati kuukuu hata liwe laini.

Kwanza, jambo lililo kubwa kuliko uzuri wa kabati. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu. Mtu akizikwangua kavu, vumbi huenea uani, huingia katika vyakula na katika vidole vya watoto. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Kwa macho haitambulikani. Kwa hiyo, usipojua rangi ya zamani ni ya namna gani, idhani kuwa ina risasi. Usiichome moto, wala usiipige msasa kavu. Watoto na wanawake wenye mimba wakae mbali. Tumia msasa wa maji, nawe uulowanishe kila mara. Funga pua na mdomo kwa barakoa ya fundi ya kuzuia vumbi. Futa uchafu wote kwa kitambaa kibichi wala usifagie. Kisha oga na kufua nguo za kazi peke yake. Na ununuapo rangi mpya, uliza kama haina risasi. Kiasi kinachoshauriwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni kisichozidi sehemu 90 katika sehemu milioni.

Pili, vua milango, bawaba na vitasa, na misumari ya parafujo uitie katika mkebe isipotee. Osha kabati kwa maji ya sabuni, maana rangi haishiki juu ya mafuta ya mikono. Suuza, uliache likauke kabisa. Panapo tundu au ufa, jaza puti, ikikauka, ilainishe.

Tatu, msasa. Jina hili ni la mti ambao majani yake hukwaruza, nao mafundi wa zamani walilainisha mbao kwa majani hayo. Karatasi za siku hizi zina namba, na namba ndogo ndiyo yenye kukwaruza zaidi. Anza na 120, maliza na 220, ukifuata nyuzi za mbao. Ukizikata, mistari itaonekana hata chini ya rangi. Rangi ya zamani iliyoshika vema haina haja ya kuondolewa yote. Yatosha kuondoa mng'aro wake.

Nne, paka rangi ya kwanza, yaani praima, uiache usiku kucha. Kisha paka rangi yenyewe nyembamba mara mbili au tatu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hupaka nzito mara moja wakitaka kumaliza upesi, na rangi hutiririka kama machozi. Laza milango juu ya viti. Chovya theluthi tu ya brashi, na mwisho upitishe brashi kwa upande mmoja bila kurudia palipoanza kukauka. Rangi ya mafuta ngoja siku nzima kabla ya kupaka tena. Kati ya mkono na mkono pitisha msasa namba 320 kwa wepesi, ufute vumbi.

Majira nayo ni ya kuangaliwa. Wakati wa masika, Machi hata Mei, hewa ya pwani ina unyevu na rangi hukawia kukauka. Kipupwe, toka Juni, chafaa zaidi. Lakini fanya kazi asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi la njiani. Tapentaini na tina ziwekwe mbali na jiko la mkaa, na madirisha yawe wazi.

Mwisho, liache kabati wiki moja kabla ya kutia nguo, zisigande. Na asiyejua puti wala brashi, aende Keko, katika Temeke, akawatazame maseremala wanavyofanya kazi. Kuuliza si ujinga. Kazi hii yataka siku kadha za subira, lakini atakayeifuata hivyo atapata kabati la kuwaachia wanawe, bila kuwaachia sumu pamoja nalo.