Mbuzi akibambua gome la avokado

Mbuzi aliyefungwa karibu na mche wa avokado haishii kwenye majani. Wakulima wa Silibwet wanajua: hubambua hata gome. Ndani ya gome ndimo chakula hupita kutoka majanini kwenda mizizini. Likitoka kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa, ingawa majani hubaki mabichi kwa muda na kumdanganya mwenye shamba.

Jeraha likiwa la upande mmoja, tumia kisu kikali, safi, kupunguza kingo zilizochanika hadi kwenye gome lililoshikamana na mti. Usipake oili chafu wala lami. Gome bichi linaloning'inia lirudishwe siku hiyohiyo na kufungwa kwa nailoni, huenda likashika.

Shina likizungukwa lote, usiung'oe mche upesi, maana mwingine huchukua miaka 3 hivi kuzaa. Tafuta alama ya kupandikiza. Chipukizi likitoka juu ya alama hiyo, chini ya jeraha, ni Hass ileile, litunze. Likitoka chini ya alama, ni la shina mama, litahitaji kupandikizwa upya.

Kisha pima kamba ya mbuzi.