Walimu wa Bustani za Jangwani: Wanachofundisha na Tunachoweza Kujifunza

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Kila msimu wa mvua, wakaazi, shule na vikundi hupanda miche kwa bidii. Miezi michache baadaye mingine imekauka, ilhali mvua iliyonyesha palepale ilishuka bondeni ikibeba udongo wetu. Taifa limejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Lengo hilo litatimizwa na miche inayopona, na mche haupandwi vyema ikiwa maji yake hayakupangiwa njia.

Somo hili linawahusu watu wanaofundisha kazi ya kutengeneza bustani na kupanda miti jangwani, katika jiji la Tucson, jimbo la Arizona, Marekani. Baada ya kulisoma, mkaazi ataweza:

1. Kueleza walimu hao ni akina nani na ujuzi wao ulitoka wapi.
2. Kukadiria kiasi cha maji kinachotoka kwenye paa lake.
3. Kuchagua mahali pa kuchimba shimo la kwanza la kunasa maji.
4. Kutambua hatari ya kuiga mmea badala ya kuiga kanuni.

Mahali penyewe

Tucson iko katika jangwa la Sonora. Kwa mwaka hupata mvua ya takriban milimita 280, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 38 mara kwa mara. Kama sehemu nyingi za Kenya, ina misimu miwili ya mvua: mvua za ngurumo za katikati ya mwaka, na mvua tulivu za majira ya baridi.

Kwa miaka mingi jiji lilitegemea maji ya visima, na kiwango cha maji chini ya ardhi kikashuka. Leo sehemu kubwa ya maji yake hutoka mto Colorado, yakisukumwa kwa pampu katika mfereji wenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Hapo ndipo walimu wetu walipouliza swali: kwa nini tuyalete maji kutoka mbali hivyo ili kumwagilia bustani, na huku mvua inayonyesha juu ya mapaa yetu tunaiachia barabara?

Mwalimu wa kwanza: wenyeji wa jangwa

Kabla ya jiji kuwapo, Watohono O'odham walikuwa wakilima katika jangwa hilo. Hawakusambaza mbegu kila mahali. Walipanda pale ambapo maji ya mafuriko hufika na kutulia baada ya kushuka kutoka milimani, yaani kwenye midomo ya makorongo, mahali tunapoweza kupafananisha na mwisho wa lagha. Zao lao mojawapo ni maharagwe ya tepari, yanayokomaa upesi na kuvumilia jua kali.

Fundisho lao ni hili: maji yenyewe yanaonyesha mahali pa shamba. Mkulima hutangulia kutazama, halafu ndipo hushika jembe.

Mwalimu wa pili: Zephaniah Phiri Maseko

Mwalimu wa pili hakuwa Mmarekani. Zephaniah Phiri Maseko alizaliwa mwaka 1927 na aliishi wilaya ya Zvishavane, Zimbabwe. Mwaka 1964 alifutwa kazi ya reli kwa sababu ya kupinga utawala wa walowezi wa Rhodesia. Alibaki na familia ya kulisha na shamba la takriban hekta 3, chini ya mwamba mkubwa, katika eneo ambako ukame ni jambo la kawaida.

Phiri alitumia muda mrefu kutazama mvua. Aliona kwamba maji hushuka kwa kasi kutoka mwambani, hukata makorongo shambani, kisha hupotea. Akaanza juu kabisa. Alipanga kuta fupi za mawe bila saruji, ili maji yapite kati ya mawe huku yakipunguza kasi na kuacha udongo. Chini ya hapo alichimba mabwawa madogo. Shambani kulikuwa na mitaro iliyoamriwa na serikali ya kikoloni, ambayo kazi yake ilikuwa kuyaondoa maji shambani. Yeye alichimba mashimo makubwa ndani ya mitaro hiyohiyo, maji yakakaa na kuzama badala ya kukimbia. Aliizungumzia kazi hiyo kuwa ni kupanda maji, kama mtu anavyopanda mbegu.

Alifundisha kwa kutembeza watu shambani mwake. Wakulima, wanafunzi na wageni kutoka nchi mbalimbali walimfuata kutoka mwambani hadi visima vyake vya bondeni. Mwaka 2006 alipewa tuzo ya National Geographic na wakfu wa Buffett kwa uongozi katika uhifadhi barani Afrika. Alifariki mwaka 2015.

Mwalimu wa tatu: mwanafunzi aliyerudi nyumbani

Mmoja wa wageni hao alikuwa Brad Lancaster wa Tucson, aliyefika Zvishavane mwaka 1995. Mwaka mmoja kabla, yeye na nduguye walikuwa wamenunua nyumba yenye kiwanja cha takriban ekari moja ya nane, katika mtaa uitwao Dunbar/Spring. Kiwanja kilikuwa kitupu na chenye joto, na barabara ya mbele iligeuka mto kila iliponyesha.

Aliporudi, Lancaster alianza na kiwanja chake. Alichimba mabeseni ya udongo, akaelekeza humo maji ya paa, kisha akaigeukia barabara. Alikata ukingo wa zege ili maji ya mvua yaingie kwenye mashimo ya miti kando ya njia ya miguu. Wakati huo jiji halikuruhusu jambo hilo. Alikaa na maafisa, akawaonyesha matokeo, na hatimaye jiji likaweka utaratibu rasmi wa kufanya hivyo kwa kibali. Kuanzia mwaka 1996 majirani wa mtaa huo wamepanda zaidi ya miti 1,700, mingi ikiwa ya asili na yenye kutoa chakula. Kiwanja chake pamoja na kando ya barabara hunasa takriban lita 378,000 za mvua kwa mwaka. Tangu hapo ameandika vitabu na kufundisha watu wengi, na kila mara humtaja Phiri kuwa mwalimu wake.

Kwa hiyo ujuzi tunaouona Arizona una mzizi Afrika. Hata hapa kwetu, matuta ya fanya juu ya Ukambani, ambako udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, yanafuata kanuni ileile ya kuzuia maji yasikimbie.

Jinsi wanavyofundisha

Tucson kuna shirika la kijamii liitwalo Watershed Management Group, lililoanzishwa mwaka 2003. Hutoa mafunzo yenye cheti kwa wanaotaka kufanya kazi hii kama taaluma. Pia lina utaratibu ambao Mkenya hahitaji kuelezwa sana: majirani hukusanyika kwenye uwanja wa mmoja wao, huchimba na kupanda pamoja chini ya mkufunzi, na waliofanya kazi kwa wenzao hupata zamu ya kufanyiwa kwao. Huo ni mwethya.

Jiji nalo limeweka mkono. Mwaka 2008 lilipitisha sheria inayotaka majengo mapya ya biashara yapate angalau nusu ya maji ya bustani zao kutokana na mvua. Mwenye nyumba anayejenga mfumo wa kuvuna mvua anaweza kurejeshewa sehemu ya gharama, lakini kwanza sharti ahudhurie mafunzo. Ujuzi hutangulia fedha, kwa sababu tangi lililowekwa vibaya au shimo lililochimbwa mahali pabaya ni hasara kwa mwenyewe na kwa jiji.

Kanuni sita za kukumbuka

Kwanza, tazama kabla ya kuchimba. Mvua inaponyesha, zunguka boma lako uone maji yanatoka wapi, yanapita wapi na yanatua wapi.

Pili, anzia juu. Maji ya juu ni machache na ya polepole, hivyo ni rahisi kuyadhibiti. Ukianzia bondeni utapambana na mafuriko yakiwa na nguvu zote.

Tatu, anza kidogo. Shimo moja likifanya kazi, ongeza la pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, yapunguze maji kasi, yatawanye, yazame. Tumia mawe, matuta yanayofuata usawa wa ardhi, mashimo ya zai au makingio ya nusu mwezi.

Tano, yapangie maji ya ziada njia. Shimo lolote litajaa siku moja. Acha mlango wa kutokea, uliojengewa mawe, unaopeleka maji kwenye shimo linalofuata na si kwa jirani.

Sita, funika udongo. Matandazo ya nyasi na majani huzuia jua lisiyanyonye maji uliyohangaika kuyanasa.

Hesabu ya paa

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la mabati la mita 10 kwa mita 6 lina mita 60 za mraba. Mvua moja ya milimita 30 italipa lita 1,800, sawa na mapipa 9 ya lita 200. Mahali panapopata milimita 300 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 18,000. Hata tukitoa sehemu inayopotea, hubaki takriban lita 15,000, na hapo bado hatujahesabu ua, njia wala barabara.

Tahadhari: tuige kanuni, si mti

Walimu wa Tucson hupanda sana mti uitwao mesquite, ambao maganda yake husagwa kuwa unga. Huko ni mti wa asili, una wadudu na wanyama waliozoeana nao. Ndugu yake wa karibu tunamjua sisi kwa jina la mathenge. Aliletwa nchini kuzuia jangwa na kutoa kuni, akasambaa Baringo, Tana River, Turkana, Garissa na kwingineko, akafunga malisho na njia za maji. Mwaka 2006 wakaazi wa Baringo walifika mahakamani kuishtaki serikali kwa madhara ya mti huo, na mwaka 2008 ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Somo hapo halina fumbo. Mkufunzi mzuri hufundisha jinsi ya kusoma ardhi, kisha humwacha mwanafunzi achague mti wa kwao. Kwetu kuna migunga ya asili, mkwaju na mukau. Waulize wazee ni mti gani ulikuwa ukisimama hapo kabla ya ardhi kuwa tupu.

Mambo mengine ya kuzingatia:

- Chimba shimo la maji angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mbali na choo cha shimo.
- Maji yazame ndani ya siku moja. Yakikaa siku nyingi yatazalisha mbu. Chimba kipana zaidi na si kwa kina, au punguza maji yanayoingia.
- Mti unaopenda maji uwe ndani ya shimo. Usiovumilia kutuamiwa na maji uwe kwenye ukingo wake.
- Usikate ukingo wala mtaro wa barabara ya umma bila idhini. Peleka ombi kwa ofisi ya msimamizi wa wadi.

Zoezi la msimu huu

1. Pima paa lako kwa hatua au kamba, kisha ukokotoe lita za mvua moja ya milimita 20.
2. Mvua ijayo, chora ramani ya boma lako na uonyeshe kwa mishale njia ya maji.
3. Chagua sehemu moja ya juu, chimba shimo moja, weka matandazo na upande mche mmoja wa asili.
4. Baada ya mvua tatu, rudi ukague: maji yalizama kwa muda gani, udongo ulijikusanya wapi, ni nini cha kurekebisha?

Kwa majadiliano ya kikundi au baraza: Je, ni nani katika kijiji chetu ambaye shamba lake hubaki kijani wengine wakikauka? Tumemtembelea lini kujifunza?

Swali hilo la mwisho ndilo zito.  Phiri alikuwa na shamba lililofanya kazi na moyo wa kulionyesha. Huenda mwalimu wa namna hiyo yumo wadini mwako. Akiwepo, mpeleke kikundi chako kwake kabla ya mvua kuanza, na umwambie afisa wa kilimo wa wadi ili na wengine wafike.