JIHADHARI NA VUMBI LA ASBESTO

Jengo la zamani linapobomolewa, kila mtu hutafuta kitu cha kumfaa. Huyu huchukua mbao, yule huchukua matofali. Lakini mabati ya asbesto usiyachukue. Huenda ukayaona yanafaa kuezekea jiko au kukinga ukuta nyuma ya mafiga. Leo tutajifunza kwa nini yanadhuru.

Asbesto ni nini?

Asbesto ni aina ya mawe yanayochimbwa ardhini. Mawe haya yana nyuzi. Sisi wa Same tunazijua nyuzi za katani. Nyuzi za asbesto ni nyembamba zaidi, hata jicho haliwezi kuziona zikipeperuka. Viwandani zilichanganywa na saruji, yakatengenezwa mabati mazito ya kijivu. Zamani yaliezekwa kwenye shule, ofisi na nyumba za watumishi. Hayashiki kutu, lakini yakianguka huvunjika kama chungu.

Yapo mabati yanayofanana nayo ambayo hayana asbesto. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Kama huna hakika, yahesabu kuwa ni ya asbesto.

Yanadhuruje?

Bati zima lililotulia juu ya paa halina hatari kubwa. Hatari ni vumbi lake. Ukilipiga nyundo, ukilikata kwa msumeno au ukilitoboa, nyuzi huruka hewani. Ukizivuta huingia mapafuni na kukaa humo. Haziozi, wala hakuna dawa ya kuzitoa.

Nyuzi hizo huleta makovu katika mapafu, na mgonjwa hukosa pumzi. Pia huleta saratani. Ugonjwa huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi kabla ya kuonekana. Kijana anayevunja mabati leo hataumwa kesho. Huenda akaumwa wajukuu wake wakiwa wamemzunguka. Mvuta sigara yumo katika hatari kubwa zaidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini. Afrika Kusini, iliyokuwa ikichimba mawe haya, ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2008.

Jikoni hatari huongezeka. Bati hili likipata moto mkali huweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Tufanye nini?

1. Kama bati ni zima, liache. Usilikwangue wala kulisugua.

2. Kama ni lazima liondolewe, mwone kwanza mwenyekiti wa kijiji na afisa afya. Wao watawasiliana na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kazi hii ni ya mafundi waliofundishwa. Hufungua misumari polepole, hulowesha mabati, na huvaa barakoa maalumu. Khanga au leso puani haizuii nyuzi hizi.

3. Kama bati limevunjika, ondoa watoto. Nyunyizia maji vipande na vumbi lake. Usifagie pakiwa pakavu, maana upepo wa tambarare ya Same utalipeleka vumbi kwa jirani. Wasubiri wataalamu.

4. Vipande usivitupe mferejini wala kwenye ndiva. Usivisage ili kujazia njia. Hufungwa katika mifuko miwili ya plastiki nzito, na kufukiwa mahali palipoelekezwa na wataalamu.

5. Nguo zilizopata vumbi zisikung'utwe. Ziloweshwe kabla ya kuvuliwa, zisichanganywe na nguo nyingine. Wako wanawake waliougua kwa kufua tu nguo za kazi za waume zao.

Ndugu msomaji, bati la bure linaweza kukugharimu mapafu. Mweleze na jirani yako asiyejua kusoma.

Maswali ya kujadili

1. Je, kijijini kwetu kuna majengo yenye mabati haya?
2. Kwa nini kitambaa puani hakitoshi?
3. Watoto wakicheza na vipande vya mabati hayo, utafanya nini?