Mazrui wa Mombasa na Vita vya Kujitawala

Katika somo la historia tumekwisha kusoma jinsi Waingereza waliohamia Marekani walivyogombana na mfalme wao kwa ajili ya kodi, wakamwaga chai baharini huko Boston mwaka 1773, na mwaka 1776 wakajitangazia uhuru. Wanafunzi wengi wa hapa Miembeni hudhani jambo la namna hiyo ni la ng'ambo tu. La, pwani ya Afrika Mashariki ililiona mapema zaidi.

Mwaka 1698 Imamu Saif bin Sultan wa Oman aliwatoa Wareno katika Fort Jesus, ngome ya Mombasa. Tangu hapo maliwali wa mji walitoka Oman, na baadaye wakawa watu wa ukoo wa Mazrui. Hata katika miaka ya 1740 nasaba ya Yaarubi iliyowatuma ikaanguka, na Ahmad bin Said, liwali wa Sohar, akashika utawala. Muhammad bin Uthman, liwali wa Mombasa, akakataa kumtii. Hoja yake ilikuwa fupi: huyu alikuwa liwali kama mimi, ikiwa yeye ameitwaa Oman, mimi nami nimeitwaa Mombasa.

Basi mwanzo yalikuwa magomvi ya wakubwa wawili tu. Kilichoyageuza ni damu. Ahmad alituma watu, wakamwua Muhammad, wakamfunga ndugu yake Ali. Ali akatoroka, akasaidiwa na watu wa mji, akairudisha ngome. Tangu siku hiyo Mazrui hawakutawala kwa amri ya Oman, bali kwa kukubaliwa na Thenashara Taifa, yaani taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipokuwa nguvu yao. Lakini tusiwapambe mno: uhuru huo haukumhusu mtumwa, kama ule wa Virginia usivyomhusu.

Mwaka 1814 liwali mpya, Abdalla bin Ahmad, hakumpelekea Seyyid Said kodi; husimuliwa kwamba alimpelekea baruti na risasi kidogo. Seyyid Said naye akaitwaa Pemba, ambako Mombasa ilipata mchele wake. Mwaka 1824 Mazrui wakaomba ulinzi wa Uingereza. Kapteni Owen akapandisha bendera, na mwaka 1826 ikateremshwa, maana serikali ya London ilipenda zaidi urafiki wa Seyyid Said. Wamarekani walipata Ufaransa, ikakaa nao hata mwisho. Mazrui walibaki peke yao. Hata hivyo Seyyid Said aliposhambulia mwaka 1829, na tena 1833, alishindwa.

Mizinga haikuwaweza. Mwaka 1835 liwali Salim bin Ahmad akafa, jamaa wakagombea kiti, na wazee wa Kilindini, waliokwisha kuchoka nao, wakamwita Seyyid Said. Mwaka 1837 akaupata mji. Rashid bin Salim na wakuu wenziwe wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas katika Uajemi, wasirudi tena.

Waliosalia walihamia Takaungu na Gasi. Mbaruk, mwana wa Rashid huyo, alipigana na Waingereza mwaka 1895, na mwaka uliofuata akavuka mpaka na watu wake, akaingia Tanganyika, iliyokuwa wakati ule mikononi mwa Wajerumani.