Chuma Kikipata Moto

Mtu apitaye Wote, Makindu, Mwingi au mjini Kitui huwaona mafundi kando ya barabara wakiunga malango ya chuma na kutengeneza plau. Lango hupimwa, hukatwa sawasawa, huungwa kwa moto wa umeme; lakini likisimamishwa mahali pake, pengine huonekana limepinda, na komeo halifiki tunduni mwake. Mwenye mali hunung'unika, na fundi hulaumu chuma. Chuma hakina kosa, wala kipimo hakikuwa kibaya. Sababu yake ni joto.

Chuma kikipata joto hurefuka, na kikipoa hurudi. Mfano wake umo Makueni kwenyewe, katika reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ikipitia Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Reli ya namna hiyo ikiungwa kwa vipande, huachwa nafasi ndogo kati ya kipande na kipande. Chuma cha meta 12 kikiongezewa joto la digrii 30 hurefuka milimeta 4 na zaidi. Kilometa nzima hurefuka sentimeta 36 hivi. Pasipo nafasi hiyo, jua la mchana laweza kuipinda njia. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imeungwa kwa moto, nayo hubanwa kwa nguvu juu ya mataruma ya saruji ili isipate kusogea.

Katika lango mambo ni magumu zaidi, maana moto huingia mahali pamoja tu. Pale panapoungwa hutaka kurefuka, lakini chuma baridi kilicho kando hupazuia. Na kwa kuwa pamelainika, hujikusanya na kuwa nene. Panapopoa hufupika kuliko pale mwanzo, na kuvuta upande wote.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hashiki pembe moja akaimaliza. Kwanza hushikiza pembe zote nne kwa vidonge vidogo vya moto, hupima kutoka pembe hata pembe, kisha huunga kidogo hapa na kidogo upande wa pili, kazi ikiwa imebanwa mezani, na huiacha ipoe kabla ya kuifungua.

Moto uliopinda chuma waweza pia kukinyosha. Nondo ikiwa na kibyongo, hupashwa moto mahali padogo juu ya kibyongo chenyewe, si upande wa bondeni, hata pawe pekundu. Panapopoa hujivuta na kuinyosha. Wengi hufanya kinyume, wakazidisha ubaya.

Lakini ulimi wa plau si kama nondo laini. Ukitiwa majini ungali mwekundu huwa mgumu sana, na huenda ukavunjika katika jiwe la kwanza shambani, wakati mvua imekwisha kunyesha na ng'ombe wamefungwa nira. Heri uachwe upoe polepole katika majivu makavu.